Madumu Mawili kwa Bi Dominika

Edmund Nandule hakuwa na mtoto wa kiume. Hakuwa na cheti cha kidato cha nne, ingawa alikaa darasani miaka yote minne. Hakuwa na baiskeli yenye breki ya nyuma, wala shamba lililoandikwa kwa jina lake, kwa kuwa mikorosho ya Chiungutwa aliyoipalilia tangu aoe ilikuwa ya ukoo wa mkewe. Hakuwa na rafiki wa kumwambia ukweli. Hakuwa na ugonjwa, hakuwa na adui anayejulikana, na katika miaka arobaini na moja hakuwa na hata usiku mmoja aliokosa usingizi kwa ajili ya mtu mwingine. Neno samahani alikuwa nalo, tena alilitumia vizuri. Majuto hakuwa nayo. Watu wengi huyachanganya mambo hayo mawili.

Kazi yake ilihitaji kisu kifupi na jicho, na hivyo vyote alikuwa navyo. Tangu ujana alikuwa mkaguzi wa korosho katika chama cha ushirika, pale Masasi, akitumwa kila msimu kwenye maghala ya vijijini. Mkulima huleta gunia. Mkaguzi huchota kiasi kutoka juu, katikati na chini, akazikata korosho moja moja na kutazama ndani. Zikiwa nyeupe na zimejaa, ni daraja la kwanza. Zikiwa na madoa au zimesinyaa, ni daraja la pili. Wakati wote huo mkulima husimama pembeni akimtazama mkaguzi usoni, na mkaguzi hodari hamtazami mkulima. Edmund alikuwa hodari. Aliweza kukata kazi ya mtu ya mwaka mzima vipande viwili, akaitazama, akasema "la pili," kisha akamwita anayefuata.

Biashara huria ilipoanza, mwanzoni mwa miaka ya tisini, chama cha ushirika kiliishiwa nguvu. Maghala yalibaki na popo, na wakaguzi wakaambiwa wasubiri kuitwa. Edmund hakusubiri. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, Mahmudu, mwenye malori mawili na haraka nyingi, alimchukua awe mtu wake wa Kitangari, juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Kuanzia Oktoba hadi katikati ya Januari Edmund alikaa katika chumba nyuma ya ghala la Kitangari akikagua korosho za Mahmudu. Miezi mingine alikuwa nyumbani kwake Mkomaindo, mjini Masasi, na mkewe Priska, mwalimu wa shule ya msingi, na binti zao wawili, mkubwa akiitwa Agatha.

Kila msimu alikuwa na mwanamke. Akiongea na madereva aliwaita wanawake hao "wa korosho," na madereva walimwelewa. Alikuwa na kanuni zake: hakula chakula nyumbani kwao, hakuwabebea kitu njiani, na lori la mwisho lilipoondoka naye alikuwa ndani yake. Kanuni hizo alizieleza kwa fahari, kama fundi anayeeleza vipimo vyake.

Na dini yake haikumsumbua. Alikuwa Mwanglikana, mjukuu wa watu waliobatizwa na wamisionari, na tena mzee wa kanisa. Kila Kwaresma aliingia kwa padri kuungama, kama ilivyo desturi ya Waanglikana wa upande huo. Korosho huisha Januari, Kwaresma huja baada ya hapo. Kwa hiyo alipoitaja dhambi yake ilikuwa imekwisha yenyewe. Padri alimuuliza kama amekusudia kuiacha, naye alijibu ndiyo, na kweli alikuwa ameshaiacha. Siku ya Pasaka alikuwa wa kwanza kusimama kwenda kupokea Komunyo.

Katika msimu wa mwaka 1993 aliajiriwa pale ghalani mwanamke aitwaye Huruma, kushona midomo ya magunia. Kazi hiyo kwa kawaida ni ya wanaume, maana shazia, ile sindano kubwa ya magunia, huchubua kiganja. Lakini Huruma alifundishwa na marehemu baba yake, na gunia aliloshona halikumwaga hata korosho moja njiani. Alikuwa na miaka thelathini hivi. Mumewe, Ambrosi, alikuwa dereva wa magari ya mizigo huko Songea. Miaka miwili ya kwanza alikuja nyumbani, mwaka wa tatu alituma salamu, na baada ya hapo hata salamu zikakoma. Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo watu walimwita Huruma kwa jina lake tu. Aliishi kwa mama yake, Bi Dominika, nyumba ya tano kutoka ghalani.

Siku moja Edmund alikata korosho za mzee mmoja wa hapo hapo, akasema la pili. Huruma alikuwa anashona, hakuinua kichwa.

"Umekata nane," alisema. "Na sisi tunajua kuhesabu."

"Nane zinamtosha anayeijua kazi."

"Zote nane umezichota juu. Umechoka kuinama, Bwana Mkaguzi, au kiuno kimeshakataa?"

Wapagazi walicheka. Edmund aliinama, akachota chini kabisa ya gunia, akakata kumi na mbili. Zilikuwa nzuri. Akasema "la kwanza" kwa sauti ndogo, na yule mzee akaondoka bila kushukuru, kwa kuwa hakuna shukrani kwa mtu kupewa kilicho chake.

Wiki tatu baadaye Edmund na Huruma walikuwa wapenzi. Walikutana chumbani kwake saa saba mchana, wapagazi walipokwenda kula. Mara ya kwanza, ilipokwisha, Huruma hakulia wala hakuuliza atafikiriwaje. Alisimama, akachungulia ndoo, akasema maji yamebaki kopo moja na nusu, basi wagawane. Yeye alinawa kwa lile nusu. Kopo zima alimwachia Edmund. Kitangari ni mahali ambapo mwanamke hujua kwa kutazama tu ndoo ina makopo mangapi, na hamwachii mtu kopo zima bila kuwa na sababu. Edmund aliyaoga akiwaza mzani wa ghalani, ambao asubuhi ile ulikuwa umeanza kukwama.

Katikati ya Januari lori la mwisho lilipakiwa. Huruma hakuja dirishani kumuaga. Alikuwa juu ya shehena, anashona gunia moja lililopasuka. Alimaliza, akashuka, akafuta shazia kwenye kanga yake na kwenda kwao. Edmund alisafiri hadi Masasi akizungumza na dereva habari za matairi.

Alitegemea kwamba Februari itakapokuja atakuwa amemsahau, maana wengine walisahaulika kabla ya hapo. Februari ilikuja. Siku moja Agatha alimwaga uani maji yaliyobaki kwenye kikombe, naye Edmund akamkemea kwa ukali kwamba maji hayamwagwi ovyo. Msichana alimshangaa baba yake, kwa sababu bomba lilikuwa pale pale uani, hatua nne. Siku nyingine dukani kwa Mahmudu aliokota shazia kwenye sanduku la misumari, akabaki nayo mkononi mpaka mteja akamuuliza bei yake. Alianza kuamka mapema bila sababu. Alijaribu kujiambia kuwa ni umri.

Kwaresma ya mwaka ule aliingia kuungama kwa Padri Eliakimu, kama miaka yote. Alitaja dhambi yake kwa maneno yale yale aliyoyazoea. Padri, naye kwa maneno yale yale, akamuuliza kama anajuta na kama amekusudia kuiacha. Edmund alifungua mdomo aseme ndiyo, na ndiyo haikutoka. Alitafuta ndani yake hayo majuto, angalau kidogo, ya kumwonyesha padri, akakuta kuwa katika mambo yote aliyoyafanya tangu azaliwe hilo moja ndilo asilotaka lifutwe.

"Siwezi kusema hivyo, Padri," alisema mwishowe.

Padri Eliakimu alikuwa mzee, hakushtuka. Alimwambia kuwa basi hawezi kumfungulia dhambi zake, na kwamba afadhali mtu huyu aliyekataa kusema uongo kuliko yule aliyekuwa anakuja miaka yote. Edmund alitoka nje akiwa amekasirika. Alidhani amekasirikia padri.

Siku ya Pasaka benchi zima la wazee wa kanisa lilisimama kwenda kupokea Komunyo, yeye akabaki amekaa, na wenzake ikawabidi wapitie mbele ya magoti yake. Kutoka upande wa wanawake Agatha aligeuka kumtazama. Priska hakugeuka. Nyumbani alipakua wali, akampa nyama iliyonona kama kila sikukuu.

Juni na Julai ni miezi ya kupulizia mikorosho salfa, ule unga wa njano unaozuia ugonjwa wa ubwiriunga kwenye maua. Mahmudu alikuwa ameanza kuwapelekea wakulima magunia ya salfa mapema, ili korosho zao zije kwake. Kazi hiyo hakuna aliyeipenda. Salfa huwasha macho na kunuka mwilini juma zima. Misimu yote iliyopita Edmund aliikataa. Mwaka huo aliiomba. Mahmudu alimtazama, akasema haya, mwenye macho ni wewe.

Alifika Kitangari mwanzoni mwa Julai. Mashine ya kusukuma maji ilikuwa imesimama wiki ya tatu kwa kukosa dizeli, na watu walikuwa wanashuka bondeni, mwendo wa saa nzima kwenda na zaidi ya saa moja na nusu kurudi, kwa kuwa kurudi ni kupanda. Alishusha salfa ghalani, akauliza mambo mawili matatu yasiyo na maana, kisha akaazima baiskeli ya mlinzi na kuelekea njia ya bondeni. Alimkuta Huruma kisimani, kwenye foleni, na madumu mawili ya lita ishirini. Moja angelibeba kichwani, la pili angeliacha kwa mtu na kulirudia.

Walisalimiana kama watu waliofanya kazi pamoja. Edmund aliona shingo yake imekonda. Madumu yalipojaa, hakuuliza. Aliyachukua yote mawili, akayafunga kwenye keria ya baiskeli kwa mpira, akaanza kuisukuma kupanda mlima. Kwao Masasi, ambako visima viko karibu, mwanaume mwenye baiskeli kumsaidia mwanamke dumu la maji ni adabu ya kawaida, kama kumpisha mtu njiani. Hakuwaza zaidi ya hapo.

Lakini foleni ilinyamaza. Kisha mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Jamani, Daraja la Pili leo amekuwa punda." Hilo ndilo jina walilompa Kitangari, hakuwahi kulijua. Mwingine akajibu kwamba punda hachagui mzigo, huyu amechagua. Wa tatu akapiga kigelegele kifupi, akakikatiza mwenyewe kwa kicheko. Huruma alitembea nyuma ya baiskeli, mkono mmoja ukishikilia dumu lisiteleze, mpaka juu.

Mchanga wa uwandani hula matairi. Edmund alifika kwa Bi Dominika shati limelowa, jasho limechanganyika na salfa, amekuwa wa njano hadi kwenye nyusi. Bi Dominika alikuwa barazani anachambua kunde.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alifungua madumu, akaingia nayo kwenye kibanda cha jiko na kuyamimina mwenyewe ndani ya mtungi, moja baada ya jingine, kwa uangalifu, bila kumwaga. Alipotoka, Bi Dominika alikuwa ameweka ungo chini.

"Baba, umejaza mtungi wangu. Unajua ulichofanya?"

Edmund alisema amesaidia tu, kwa kuwa mlima ni mkali. Bi Dominika alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza. Katika ukoo wao mwanamume anayemtaka binti haanzi na maneno. Huleta maji kutoka bondeni bila kutumwa, akayamimina kwa mkono wake katika mtungi wa mama. Mama akiyanywa, jambo limepokelewa. Mwanamume akiwa amekosea, au amegeuza nia, anayo nafasi mpaka jua kuzama: hurudi, akauinua mtungi na kuyamwaga mchangani mbele ya wenyeji. Hapo hadaiwi neno, ila mlango ule haukanyagi tena. Kitangari nzima inajua habari za ukoo huo, na Kitangari nzima imemwona akipita.

"Mimi sijanywa," alisema Bi Dominika. "Nina kiu, na nitakaa nayo mpaka jua lizame. Binti yangu ana mume asiyerudi. Wewe una mke, na watoto, na kanisa. Nenda ukafikiri. Ukija kuyamwaga sitakutukana."

Huruma alimsindikiza mpaka kwenye mkorosho wa kwanza.

"Sikujua," alisema Edmund.

"Nilijua kwamba hujui. Ningeweza kukuzuia kule bondeni. Sikukuzuia."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kuona kama utabeba." Alitazama mikono yake mwenyewe, sio uso wake Edmund. "Sitaki mtu wa korosho tena. Ukiyamwaga, msimu ukija nitashona magunia ya tajiri mwingine, na nitakuamkia njiani kama wengine. Usipoyamwaga, mjomba wangu atamwandikia Ambrosi, na wewe utasema kwenu. Kwa jina lako na jina langu. Mimi kujificha nimeshachoka, chumba chenyewe kinanuka panya."

Edmund alirudi ghalani, akakaa juu ya magunia ya salfa. Aliyapanga mambo kama alivyozoea kupanga. Kwa kanisa lake ndoa yake na Priska haifunguki. Kwa hiyo akibaki na Huruma, hatapokea Komunyo mpaka yeye au Priska afe, na jina lake litaondolewa kwenye orodha ya wazee. Mikorosho ya Chiungutwa itabaki kwa wenyewe. Watu wa Ambrosi wataweza kumshitaki. Agatha alikuwa na miaka kumi na nne, umri ambao binti husikia kila kinachosemwa juu ya baba yake. Na upande wa pili, kama angeyamwaga yale maji, angerudi Masasi akiwa na vitu vyote alivyoondoka navyo. Lilikuwa jambo la lita arobaini tu. Alifikiri kwa muda mrefu, na kila mara alipofika mahali pa kuuinua ule mtungi, mawazo yake yaligoma, kama siku ile kwa padri.

Saa kumi na moja alirudi kwa Bi Dominika. Majirani waliokuwa na kazi mbali ghafla walikuwa na kazi karibu. Edmund aliomba kigoda, akakaa uani, uso kuelekea jikoni. Waliopita walimsalimu na kumpa pole ya salfa, naye akaitikia. Hakuna aliyetaja maji. Huruma alikuwa ndani, na sauti ya kinu chake ilisimama, ikaendelea, ikasimama tena.

Jua lilipozama Bi Dominika aliinuka, akachukua kata, akaichovya mtungini na kunywa polepole mpaka ikaisha.

"Maji ya bondeni mwaka huu yana udongo," alisema, akarudi kwenye kunde zake.

Edmund alifika Mkomaindo siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi. Priska alikuwa mezani anasahihisha madaftari, lundo moja kushoto, jingine kulia. Alimpa pole ya safari, akamwambia maji ya kuoga yapo. Edmund hakwenda kuoga.

"Mama Agatha, nina neno."

"Najua unalo. Tangu Pasaka unalo."

Alianza kueleza. Priska aliinua kalamu yake nyekundu kidogo, kama anavyowanyamazisha watoto darasani.

"Wa misimu yote niliwajua, Baba Agatha. Yule wa mgahawa, yule mjane, yule aliyekufulia mashati akayafua kunishinda. Nilikuwa nahesabu malori. La mwisho likirudi, nasema haya, yamekwisha, mume wangu amerudi. Huyu malori yamerudi na wewe hujarudi."

Edmund alimuuliza kwa nini miaka yote hiyo hakusema.

"Ningesema ungeniomba samahani. Mimi samahani zako nimezishiba." Alifungua daftari jingine, akalitazama bila kulisoma. "Kwa hiyo usinieleze. Mdomo wako naujua. Mwandikie mjomba. Yeye ndiye aliyekukabidhi mimi, na yeye ndiye atakayetuweka kwenye mkeka na kutuamua. Uyaandike yote wewe mwenyewe, nisije nikaulizwa mimi mambo yako."

Aliweka alama ya vyema mahali ambapo jibu lilikuwa kosa, akaiona, akaikata. Agatha aliingia kuuliza chumvi iko wapi. Priska alimjibu kwa sauti ya kila siku.

Mjomba huyo, kaka wa mama yake Priska, aliitwa Mzee Arthur, na aliishi Chiungutwa karibu na mikorosho ya ukoo. Edmund alimwogopa kuliko padri. Juma lile lote alikwenda stoo kwa Mahmudu kila alasiri, akakaa kwenye meza ya nyuma na karatasi. Barua ya kwanza ilikuwa na kurasa nne. Ilianza na habari za biashara huria, jinsi ilivyowatoa watu kwenye kazi zao na kuwatawanya mbali na familia, ikapita kwenye upweke wa chumba cha ghala, na jina la Huruma lilitokea ukurasa wa tatu. Kila neno lilikuwa la kweli na barua nzima ilikuwa ya uongo. Aliichana. Ya pili iliomba radhi mara saba. Alizihesabu, akaichana nayo. Ya tatu aliiandika siku ya Ijumaa kwa muda usiozidi robo saa.

Jumamosi asubuhi aliipeleka nyumbani ikiwa wazi, akamkabidhi Priska. Priska aliisoma akiwa amesimama.

*Mjomba, shikamoo.*

*Mimi ni Edmund, uliyenikabidhi Priska mwaka 1978. Nimemkosea tangu mwaka wa pili wa ndoa, si mara moja, wala si kwa mwanamke mmoja. Mambo hayo nilikuwa nayasema kwa padri na kukuficha wewe. Sasa yupo mwanamke Kitangari, jina lake Huruma, binti wa Bi Dominika. Ana mume, Ambrosi, aliyeko Songea. Nimepeleka maji kwa mama yake, na mama ameyanywa. Sitamwacha, na siwezi kusema kwamba najuta kuwa naye. Kwa Priska najuta. Sijui mambo hayo mawili yanakaaje ndani ya mtu mmoja, lakini yamekaa. Priska hana kosa lolote. Mikorosho nimeipalilia mpaka mwezi huu, sidai kitu. Siku utakayoniita nitakuja, na nitakaa utakaponiweka.*

*Edmund Nandule.*

Priska aliisoma mara ya pili. Kalamu nyekundu alikuwa nayo mkononi, lakini hakuitumia.

"Umeandika mwaka wa pili," alisema. "Ulikuwa wa kwanza. Mimi nilikuwa na mimba ya Agatha."

Edmund alichukua barua, akakaa, akakata neno moja na kuandika jingine juu yake. Alitaka kusema jambo. Priska alikuwa ameshachukua ndoo yake na kutoka kwenda uani, naye akasikia bomba likifunguliwa.

Bahasha ilikuwa ya zamani, gundi yake imekufa. Alibandua donge la utomvu kwenye mkorosho wa nyuma ya nyumba, akalilainisha kwa mate, akapaka ukingo wa bahasha na kuukandamiza kwa kidole gumba mpaka ukashika. Juu aliandika: *Mzee Arthur, Chiungutwa. Apewe mkononi.*

Rajabu, mwuza samaki wakavu, huenda Chiungutwa kwa baiskeli kila Jumamosi. Edmund alimkuta barabarani anafunga tenga lake.

"Ya nani hiyo?"

"Ya mjomba wake Mama Agatha."

"Nisubiri majibu?"

"Usisubiri. Ataniita mwenyewe."

Rajabu alifuta vidole vyake kwenye suruali ili bahasha isinuke samaki, akaitia katika mfuko wa shati, akafunga kifungo. Akapanda baiskeli na kushika njia ya Chiungutwa.